Vibao vya Mji Kasoro Bahari

Kijana wa Morogoro anayetaka kujua CorelDRAW, programu ya kuchorea kwa kompyuta, hatafuti kitabu. Anatafuta duka la stesheneri lenye kompyuta na plota ya kukatia stika, anamwamkia mwenye duka, anaomba akae pembeni. Mwanzoni atatumwa vocha na maji ya kunywa, atafagia mabaki ya stika, na kama ana macho atakuwa ameijua nusu ya kazi kabla hajashika mausi. Nasi waandika vibao tulijifunza brashi hivyo hivyo katikati ya miaka ya 1980, na mzee aliyenifundisha naye alikaa pembeni ya fundi mwingine. Wasomi wakisimulia habari za kompyuta Tanzania huanzia wizarani. Kwa upande wa kompyuta ya kuchorea, hapa mjini kwetu, mimi naanzia kwenye vibao.

Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907, na kila kilichokuja nayo kilihitaji maandishi: maghala, marobota ya katani, maduka ya Wahindi. Barabara ikaongeza kazi. Hapa ndipo njia kuu inapogawanyika, moja ikishika Dodoma, nyingine Iringa na Mbeya mpaka Zambia, na lori halikuwa lori kamili mpaka liandikwe mlangoni jina la mwenye mali na uzito wake likiwa tupu. Mabasi nayo yalitaka majina. Abood na Hood, wenye mabasi, ni watu wa hapa hapa. Fundi mwenye mkono uliotulia hakulala njaa pale Msamvu, penye njia panda hiyo.

Halafu kulikuwa na muziki. Mji uliokuwa na Morogoro Jazz na Cuban Marimba ya Salum Abdallah haukukosa matangazo ya dansi ya kuandikwa kwa mkono. Mbaraka Mwinshehe alipoihama Morogoro Jazz mwaka 1973 na kuanzisha Super Volcano, watu walibishana kuhusu magitaa na sauti. Mzee wangu, akinisimulia miaka kadhaa baadaye, alichokumbuka ni kwamba bendi mpya maana yake ni dramu mpya, na dramu haipandi jukwaani bila jina.

Azimio la Arusha la 1967 lilituletea mashirika ya umma na viwanda: turubai, ngozi, viatu. Kiwanda cha viatu kilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kikalenga soko la Ulaya, na hakikuwahi hata kukaribia uwezo wake. Lakini bidhaa za viwanda hutoka kwenye maboksi na magunia, na maboksi na magunia hupigwa stensili. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo vijana wa leo hulikuta kwenye kompyuta wakashangaa. Ukikata herufi O kwenye bati, kiini chake kinadondoka na unabaki na tundu la duara. Lazima uache vidaraja viwili vinavyokishika kiini. Kwenye CorelDRAW unafanya lile lile: unachora mstatili mwembamba, unaulaza juu ya O, kisha unaamuru umbo moja likate jingine. Kijana asiyewahi kushika bati hujiuliza kwa nini mstatili ule uwepo.

Brashi ilikuwa na taratibu zake. Kwanza uzi uliopakwa chaki: wawili mnaushika kwenye ncha, unauvuta katikati, unauachia, na mstari umelala ukutani mnyoofu kuliko rula yoyote. Mistari miwili, ya juu na ya chini, ndiyo nyumba ya herufi. Kisha unagawa nafasi kwa jicho wala si kwa futi, kwa sababu I na M hazilingani upana, na A ikikaa karibu na V ukaziachia nafasi sawa na nyingine, jina litaonekana limeng'oka jino. Mkono wa kulia unaegemea fimbo iliyofungwa kitambaa kichwani ili isikwaruze rangi mbichi. Brashi ni bapa, ya nywele laini, na mviringo wa S unavutwa kwa mapigo machache: mgongo wa katikati kwanza, halafu juu, halafu chini. Ukishaanza pigo hupumui.

Nasema haya kwa makusudi. Tangu kabla sijashika brashi, mbali na hapa, kulikuwa na watu waliohangaika na mviringo huo huo kwa njia ya hesabu. Huko Ufaransa, Paul de Casteljau wa Citroën mwaka 1959, na Pierre Bézier wa Renault katika miaka ya 1960, walitafuta namna ya kueleza mkunjo wa bodi ya gari kwa pointi chache ili mashine iweze kuukata. Mwaka 1963 Ivan Sutherland alionyesha Marekani programu ya Sketchpad, ambapo mtu alichora mistari moja kwa moja kwenye skrini kwa kalamu ya mwanga. Adobe Illustrator ilitoka 1987, CorelDRAW ya Kanada ikafuata 1989. Sisi tulikuwa mbali na mambo hayo kwa amri: mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na marufuku hiyo ililegezwa taratibu baadaye. Mimi sikuihisi. Katika miaka ile ya uhaba kilichonisumbua ni rangi ya mafuta, sio kompyuta.

Ajabu ni kwamba programu hizo zilipotufikia, zilianza kwa kuwapa kazi watu wa brashi. Vodacom iliingia mwaka 2000, Celtel mwaka uliofuata, na ghafla kila kampuni ya simu ikataka kuta. Tulipanda milima ya Uluguru na madebe ya rangi: Mkuyuni, Kinole, Matombo, na upande wa pili Mgeta. Kutoka Dar es Salaam tulipewa karatasi moja yenye nembo, vipimo vyake na namba za rangi. Nembo ile ilikuwa imechorwa kwa kompyuta, na ndiyo sababu iliweza kuwa ndogo kwenye kadi ya vocha na kubwa kwenye ukuta wa duka bila kuharibika. Picha ya kawaida ni nukta nyingi, ukiikuza inavunjika. Mchoro wa aina hii unahifadhiwa kama pointi na mikunjo, na kompyuta huukokotoa upya kwa ukubwa wowote.

Ila huko Kinole kompyuta ilikuwa ni mimi. Nilipiga miraba midogo kwenye karatasi kwa penseli, miraba mikubwa ukutani kwa uzi wa chaki, nikahamisha mraba kwa mraba. Duara nilipiga kwa msumari na kamba. Ukuta wa tope una matumbo, kwa hiyo mstari ulionyooka kwa timazi unaonekana umepinda, nawe unaupinda kidogo ili uonekane umenyooka. Celtel ikawa Zain mwaka 2008, Zain ikawa Airtel mwaka 2010, na Vodacom ikaacha bluu ikahamia nyekundu mwaka 2011. Kuta zile zile, pesa mpya. Kwa mapato tu, sijawahi kuona kipindi kizuri kama kile, na ndicho kilichokuwa cha mwisho. Mashine za kuchapa mabango makubwa zilikuwa zimeshaingia, na benna ya plastiki haingoji rangi ikauke.

Basi nami nikaomba kiti pembeni ya kijana wa umri wa mwanangu. Alinionyesha upesi: F6 mstatili, F7 duara, ukishikilia Ctrl linatoka duara kamili, bofya rangi kwa kushoto inajaa ndani, kwa kulia inakaa kwenye ukingo. Hayo ni ya dakika chache. Tulipofika F10, zana ya kurekebisha umbo, mambo yakageuka. Ukigeuza maandishi kuwa mikunjo kwa Ctrl+Q, herufi inaonyesha nodi zake, na kila nodi ya mkunjo ina mikono miwili ya kuvutia mstari. Mikono ile niliitambua mara moja. Ndiyo mapigo ya brashi: panapoanza, panapoelekea, panapolegea.

Yeye alikuwa na mazoea ya kuchukua picha ya nembo na kuiamuru programu iichore yenyewe. Nodi zikatoka kama siafu. Kwenye skrini ilionekana sawa, lakini kisu cha plota kikawa kinatetemeka kila nodi, na ukingo wa stika ukatoka na meno.

"Mzee, mbona S yako inakatika laini?"

"Hesabu nodi zangu, mwanangu, halafu hesabu zako."

Tangu siku hiyo tukafundishana. Yeye alinifundisha kuyeyusha herufi za mwandiko kuwa umbo moja kabla ya kukata, maana usipofanya hivyo kisu kinapita kwenye kila kiungo na jina la basi linabanduka vipande vipande kiooni. Mimi nilimfundisha A na V.

Leo kazi yetu kubwa ni lebo. Wakulima wa milimani wanafungasha iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga, na duka kubwa linataka pakiti yenye msimbo wa mistari unaoanza na 620, namba ya Tanzania. Hapo nina ugomvi na vijana. Mlima wanaoweka kwenye lebo wanaupakua mtandaoni, na mara nyingi una theluji kileleni. Kilele cha Kimhandu, hapa Uluguru, kina zaidi ya mita 2,600 na hakijawahi kuvaa theluji, kinavaa mawingu. Anayetaka kujifunza kalamu ya CorelDRAW asimame Msamvu asubuhi, aupige picha mlima unaomtazama, kisha aufuate ukingo wake kwa nodi chache awezavyo. Akimaliza atakuwa na zoezi, na mteja atakuwa na mlima wake.

Bado lipo ombi moja, na ni la haraka kuliko hilo. Mitaa ya zamani ya mjini bado ina vibao vichache vya brashi, vingine vya mafundi waliokwisha fariki bila kuacha hata daftari. Kila mwaka vinafunikwa benna au kupigwa chokaa. Wewe mwenye duka, kabla hujakifuta kibao chako, mwite kijana wa stesheneri akipige picha ya mbele, iliyonyooka, na achore herufi zake moja moja kwa mkono, asiiachie programu. Kwa fundi aliyekaa chini akajifunza, kibao kimoja ni kazi ya alasiri moja.