Asali Juu ya Herufi: Mafundisho ya Watoto Wadogo wa Kiyahudi



Mwaka 70 baada ya Kristo majeshi ya Roma yaliliteketeza Hekalu la Yerusalemu. Habari hiyo tunaijua. Kinachotazamwa kwa nadra ni kile kilichofuata: taifa lililonyang'anywa hekalu, kisha mji wake mkuu, lilitawanyika katika nchi za wengine, nalo likabaki taifa kwa zaidi ya miaka 1,800 bila mfalme wala jeshi. Sababu zake ni nyingi. Hapa tunataka kuishika moja tu, tena yenye kimo kifupi: mtoto wa miaka mitano au sita anayeketi mbele ya mwalimu na kufundishwa herufi.

Talmudi, mkusanyo mkubwa wa sheria na masimulizi ya marabi, inaeleza jinsi desturi hiyo ilivyoanza. Hapo kwanza kila baba alimfundisha mwanawe Torati, na yatima hakuwa na wa kumfundisha. Wakaweka walimu Yerusalemu; lakini aliyepelekwa huko ni yule mwenye baba, na yatima akabaki vilevile. Wakaweka walimu katika kila wilaya kwa vijana wa miaka 16 na 17. Lakini mwalimu alipomkasirikia mmoja wao, kijana alimpa kisogo akaenda zake. (Msomaji wa umri huo ataamua mwenyewe kama marabi walisema kweli.) Hatimaye Yoshua mwana wa Gamla, kuhani mkuu wa miaka ya mwisho kabla Hekalu halijaanguka, akaagiza walimu wawekwe katika kila wilaya na kila mji, na watoto waanze wakiwa na miaka sita au saba. Marabi wanamsifu kwamba bila yeye Torati ingalisahauliwa katika Israeli. Tuangalie pia kwamba chanzo cha mpango wote kilikuwa yatima.

Ukurasa huohuo wa Talmudi unaweka hata idadi ya watoto: mwalimu mmoja kwa 25, wakifika 40 apewe msaidizi, wakifika 50 wawe walimu wawili. Sisi tuliosongamana katika madarasa ya huku kwetu tunaisoma sheria hiyo kwa wivu kidogo.

Katika karne ya 12 na ya 13, vitabu kutoka Ujerumani na kaskazini mwa Ufaransa vinaeleza siku ya kwanza ya mtoto shuleni. Ilikuwa sikukuu ya Majuma, siku ambayo Wayahudi hukumbuka kupewa Torati mlimani Sinai. Mtoto alifunikwa joho ili macho yake yasikutane na kitu najisi njiani, akabebwa hadi kwa mwalimu na kupakatwa naye. Mwalimu alisoma herufi zilizoandikwa kwenye kibao, naye mtoto akazirudia moja baada ya nyingine. Kisha kibao kilipakwa asali, na mtoto akazilamba zile herufi kwa ulimi. Baadaye alikula mkate wa asali na yai la kuchemsha, vyote vimeandikwa maneno ya Maandiko. Kitabu cha kwanza alichofundishwa hakikuwa Mwanzo, bali Mambo ya Walawi, chenye sheria ngumu za sadaka na usafi. Marabi walisema kwamba watoto ni safi, basi walio safi washughulike na mambo yaliyo safi.

Mmoja wa walioiandika desturi hiyo ni Rabi Eleazari wa mji wa Worms, kando ya mto Rhine. Mwaka 1096 vikosi vya watu waliojiita mahujaji wa msalaba viliwaua Wayahudi wengi wa Worms na wa Mainz, mji jirani. Miaka 100 baadaye, mwaka 1196, watu wenye silaha waliingia nyumbani kwa Eleazari, wakamuua mkewe Dulcea na binti zao wawili. Mjane huyo aliandika maombolezo ambayo bado yapo. Ndani yake anaeleza kwamba Dulcea aliwafundisha wanawake wa miji mingine sala na nyimbo, na kwamba binti mdogo, Hana, aliyekuwa na miaka sita tu, alisali kila siku sala ya Israeli ya kumkiri Mungu mmoja, na alijua kusokota nyuzi, kushona na kutarizi. Asali ya kibao ilikuwa ya wavulana. Hana alifundishwa nyumbani, kama Timotheo wetu alivyofundishwa na bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipotamka, tarehe 28 Oktoba 1965, kwamba Kanisa linasikitikia chuki na madhulumu yote waliyotendewa Wayahudi, wakati wowote na na yeyote, miji kama Worms ilikuwamo katika neno hilo.

Tusidhani kwamba shule hizo zilikuwa tamu daima. Katika vijiji vya Poland na Urusi, mtoto wa miaka mitatu au minne alipelekwa kwenye heder, neno lenye maana ya chumba, na mara nyingi kilikuwa chumba kweli: kimoja, chenye giza, katika nyumba ya mwalimu fukara, na fimbo haikuwa mbali. Mageuzi yalikuja kwa njia mbalimbali. Mwaka 1898, katika kijiji cha Rishon LeZion huko Palestina, ilifunguliwa chekechea, ambayo huku kwetu wengi huiita maternelle, iliyofundisha kwa Kiebrania. Lugha hiyo ilikuwa ya sala na vitabu kwa karne nyingi, haikuwa na maneno ya kuchezea. Hata jina la mwanasesere lilibidi litungwe. Watoto wakayabeba maneno mapya kutoka darasani hadi nyumbani, na wazazi wengi wakajifunza kwa watoto wao. Mwaka 1917, mjini Krakow, mshonaji wa nguo aitwaye Sarah Schenirer alikusanya wasichana wadogo katika karakana yake na kuanza kuwafundisha Torati. Kufikia mwisho wa miaka ya 1930 shule za namna hiyo zilikuwa zaidi ya 200.

Kisha ikaja vita, na karibu zote zikaangamizwa pamoja na watoto wake. Moto huo uligusa hata Katanga. Sinagogi ya Lubumbashi ilijengwa zamani za Elisabethville na Wayahudi ambao wengi wao walitoka Rhodes, kisiwa cha bahari ya Mediterania. Julai 1944 Wanazi waliwakamata ndugu zao waliobaki kisiwani, wazee kwa watoto, wakawapeleka Auschwitz. Mwaka huohuo wa 1944, mjini New York, lilianzishwa shirika la Torah Umesorah, kwa nia ya kueneza shule za kutwa za Kiyahudi katika miji ya Amerika. Shule ya kutwa ni ile ambamo mtoto hujifunza masomo ya serikali na masomo ya Torati chini ya paa moja. Wazazi waliozianzisha walijua vizuri kilichokuwa kimepotea Ulaya.

Mtoto wa miaka mitano hufundishwa nini humo? Hujifunza herufi 22 za Kiebrania zinazokwenda kutoka kulia, na kwenye daftari la pili zile nyingine zinazokwenda kutoka kushoto. Hunawa mikono kabla ya kula mkate. Hujifunza baraka za chakula, nazo zinamlazimisha kufikiri, kwa kuwa tunda la mti lina baraka yake na zao la ardhi lina yake. Ndizi je? Mtoto hufundishwa kwamba mgomba si mti, kwani shina lake halidumu mwaka hata mwaka, basi ndizi hupewa baraka ya ardhi. Mama zetu wa mashambani, wanaokata mgomba uliokwisha kuzaa na kumwachia nafasi mtoto wake, wangalijibu vivyo hivyo bila kitabu.

Ijumaa darasa huwa nyumba. Msichana mmoja huwa mama wa Sabato, mvulana mmoja baba wa Sabato. Kuna mishumaa, mkate uliosukwa na maji ya zabibu. Kabla ya hayo yote kisanduku huzungushwa, kila mtoto atumbukize sarafu. Huiita tsedaka, ndugu wa neno letu sadaka, lakini kwa Kiebrania mzizi wake ni haki. Mtoto haambiwi kwamba amemhurumia maskini; anaambiwa kwamba ametoa kilicho cha maskini. Tofauti hiyo ni kubwa, na kuifundisha kwa mtoto asiyejua bado kuhesabu sarafu zake kunatustaajabisha.

Majuma kadhaa kabla ya Pasaka, chekechea nzima hufanya zoezi la wimbo mmoja. Ni maswali manne ya kuuliza kwa nini usiku huu ni tofauti na usiku mwingine wote. Nyumbani, mbele ya wajomba, shangazi na wageni, mtoto mdogo kuliko wote ndiye atakayeyauliza, na mpaka aulize, habari ya kutoka Misri haisimuliwi. Baba analazimika kujibu, akianza na aibu ya utumwa na kuishia na sifa. Sheria imefikiria pia nyumba zisizo na mtoto. Hapo mke ndiye anayeuliza. Wakiwa wataalamu wawili wanaoijua habari yote, wataulizana. Na aliye peke yake mezani atajiuliza mwenyewe, kwa sauti, kisha ajijibu.