Ganda la ngazi: seli za mimea na za nyama katika historia ya Yangambi

Mara nyingi tofauti ya seli za mimea na seli za nyama hufundishwa kama orodha ya kukariri kwa mtihani, kisha husahauliwa. Lakini tofauti hiyo ina historia, na sehemu moja ya historia hiyo ilifanyika hapa kwetu, karibu na Kisangani. Tena yagusa mfuko wa kila mwenye shamba la ngazi. Basi tuieleze kwa taratibu.

I. Neno na mwanzo wake

Neno seli latoka katika Kilatini cella, maana yake chumba kidogo. Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alitazama kwa mikroskopi kipande chembamba cha kizibo, akaona vyumba vidogo vingi, vitupu. Uhai ulikuwa umekwisha kutoka. Zilibaki kuta tu. Tushike neno hilo, kuta, kwani ndani yake mna tofauti tunayoitafuta.

Mwaka 1838 Mjerumani Matthias Schleiden alifundisha kwamba mimea yote imejengwa kwa seli. Mwaka uliofuata mwenzake Theodor Schwann alionyesha kwamba nyama pia ndivyo walivyo. Schwann alikuwa Mkatoliki, na mwaka uleule wa 1839 alikwenda kufundisha katika Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji. Katika chuo hichohicho, baadaye, padri Jean-Baptiste Carnoy aliweka msingi wa masomo ya seli, na mwaka 1884 akaanzisha jarida La Cellule. Dawa yake ya kuhifadhi seli kabla ya kuzitazama ingali inaitwa kwa jina lake. Kwa hiyo msemaji anayedai kwamba kanzu na mikroskopi havipatani, hajaisoma historia.

II. Tofauti yenyewe

Kwanza tutaje umoja. Seli ya mti na seli ya mbuzi zote zina kiini kinachotunza urithi, ngozi nyembamba inayozizunguka, na mitokondria zinazotoa nguvu. Wanafunzi wengine hudhani mimea haina mitokondria, sivyo.

Tofauti kubwa ni tatu. Seli ya mmea ina ukuta wa selulosi nje ya ngozi yake. Seli ya nyama haina. Seli za majani zina chembe za kijani zinazotengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Nyama hana budi kutafuta chakula chake. Na seli ya mmea iliyokomaa huwa na kifuko kikubwa cha maji kinachoisukuma mpaka ukutani, ndiyo sababu jani lililokosa maji hunyauka.

Mtu atauliza: mbona mfupa ni mgumu? Ugumu wa mfupa umewekwa na seli nje yao, katikati yao, pamoja na chokaa. Lakini ugumu wa ganda la ngazi ni kuta za seli zenyewe, zilizozidi kunenepa hata seli zikafa ndani.

III. Yangambi

Kilometa 100 hivi chini ya Kisangani, ukingo wa kuume wa mto Kongo, ndipo Yangambi. Mwaka 1933 serikali ya Wabelgiji iliunda INEAC, shirika la uchunguzi wa kilimo, na kituo chake kikubwa kikawa pale. Miaka ya 1920 mbegu za ngazi kutoka bustani ya Eala, karibu na Mbandaka ya leo, zilikuwa zimekwisha kupandwa Yangambi.

Wachunguzi walijua namna tatu za ngazi, na mwenye Kilatini atazielewa mara moja: dura, yenye ganda nene; tenera, yenye ganda jembamba na mawese mengi; pisifera, isiyo na ganda, yenye kiini kidogo kama dengu. Lakini mbegu za tenera zilipopandwa zilizaa mchanganyiko. Kwa nini?

Mwaka 1941 Beirnaert na Vanderweyen walitoa jibu. Tenera si kabila la pekee. Ni mtoto wa dura na pisifera, sawasawa na sheria ambazo mtawa Gregor Mendel alizipata katika dengu zake na kuzichapa mwaka 1866. Dura ikioana na pisifera, watoto wote ni tenera. Majina ya mabwana wawili hao yamo vitabuni. Majina ya Wakongo waliopanda miti ile na kukata mashada yake hatuyasomi.

Ujuzi huo ulivuka bahari. Malaysia na Indonesia zilijaza mashamba yao tenera, na leo zatoa zaidi ya asilimia 80 ya mawese ya dunia. Mwaka 2013 wachunguzi walitangaza kwamba wameupata urithi wenyewe unaotawala unene wa ganda.

IV. Hasara ya kutojua

Tenera hutoa mawese kupita dura kwa asilimia 30 hivi. Mkulima akiona tenera nzuri huokota mbegu zake. Ikiwa maua yalipata vumbi la dura za msituni, karibu nusu ya miche yake itakuwa dura. Ikiwa yalipata vumbi la tenera, katika miche 100 atapata dura 25 hivi, tenera 50, na pisifera 25, ambazo kwa kawaida hazikomazi matunda. Naye hatajua mpaka mwaka wa tatu au wa nne, atakapolipasua tunda la kwanza. Amelima miaka yote hiyo kwa faida pungufu.

Kwa hiyo parokia inayotaka shamba la ngazi isiokote mbegu chini ya mti. Itafute mbegu za dura iliyooanishwa na pisifera kwa mikono ya wenye ujuzi; INERA, mrithi wa INEAC, ingalipo Yangambi. Nanyi makatekista na walimu, mkifundisha seli, pasueni ngazi mbili mbele ya watoto, dura na tenera. Hapo watauona ukuta wa Hooke kwa macho yao wenyewe.