Mabua yakitoka shambani, udongo unabaki na nini? Historia fupi kwa mkulima wa mtama wa bua tamu

Ndugu mkulima, na wewe ndugu yangu mfanyabiashara wa mazao, kabla ya msimu huwa tunaulizana mambo mengi: mbegu gani, mvua itaanza lini, bei itakuwaje. Swali moja huwa tunalisahau. Baada ya kuvuna, majani ya kurudisha kwenye udongo yatatoka wapi?

Kwa anayelima mtama wa nafaka swali hili lina nafuu kidogo. Anakata masuke, mabua yanabaki shambani. Kwa anayelima mtama wa bua tamu, bua lenyewe ndilo mali. Linatafunwa kama muwa, linakamuliwa, linauzwa kuwa chakula cha ng'ombe. Suke linakwenda nyumbani na bua linakwenda sokoni. Jua la kiangazi linakuta ardhi iko uchi, na mvua ya kwanza inaondoka na udongo wa juu. Misimu mitatu au minne ya namna hiyo inatosha kuona shamba likianza kuchoka.

Tatizo hili si geni. Watu wa zamani walikutana nalo, wengine wakalitatua na wengine wakashindwa. Leo tupitie historia yao, kisha tuone ya kuchukua kwa shamba lako.

Bua lililovuka bahari

Mtama ni zao la Afrika. Dalili za zamani za kulimwa kwake zimepatikana mashariki mwa Sudan, na zina umri wa zaidi ya miaka 5,000. Kutoka huko ulisambaa karibu bara zima, na kila jamii ikachagua aina zake: za ugali, za pombe, na zile zenye bua la kutafuna. Wazulu wa Afrika Kusini waliziita aina za bua tamu imfe.

Katikati ya karne ya 19, Mwingereza Leonard Wray, aliyekuwa na uzoefu wa kilimo cha miwa, aliziona aina hizo Natal. Mwaka 1857 akapeleka mbegu Marekani. Miaka michache kabla yake aina nyingine ilikuwa imefika huko kutoka China kupitia Ufaransa. Ilipotokea vita ya wenyewe kwa wenyewe, kati ya 1861 na 1865, sukari ya miwa kutoka kusini haikufika kwa urahisi majimbo ya kaskazini. Wakulima wengi wakapanda mtama wa bua tamu, wakakamua mabua kwa vinu vilivyozungushwa na farasi au nyumbu, wakachemsha maji yake mpaka yakawa shira nzito ya kulia mkate.

Hapa kuna somo la kwanza. Bua lilipopelekwa kinuni, makapi yalibaki huko huko, yakarundikana kando ya kinu. Shamba lilikuwa kwingine. Sasa fikiri kidogo: sukari iliyo ndani ya bua, mmea unaitengeneza kwa hewa, maji na mwanga wa jua. Maji matamu ya bua hubeba pia sehemu ya virutubisho, lakini vingi vinabaki kwenye majani, kilele na makapi. Kwa hiyo anayeuza maji ya bua na kurudisha makapi shambani hapotezi sana. Anayeuza bua zima pamoja na majani yake anauza na rutuba ya shamba, bila kuiwekea bei.

Wakara: majani yanalimwa, ng'ombe wanafungwa

Tuje nyumbani. Katika Ziwa Victoria, wilaya ya Ukerewe, kuna kisiwa cha Ukara. Ni kisiwa kidogo chenye watu wengi na udongo wa kichangakichanga, na kwa muda mrefu familia hazikuwa na nafasi ya kuliacha shamba lipumzike. Walifanya nini?

Waliwafunga ng'ombe ndani, wakawakatia nyasi na majani ya miti na kuwaletea. Mabaki ya chakula yalichanganyika na mavi na mkojo, yakawa samadi iliyobebwa kichwani mpaka shambani. Katikati ya uwele walipanda mmea wa jamii ya marejea, kisha wakaufukia ungali mbichi ili uoze na kulisha udongo. Nyasi na miti ilikuwa na mwenyewe, kama shamba lilivyo na mwenyewe. Wataalamu wa kilimo wa miaka ya 1930 walifika wakaandika habari hizo kwa mshangao, maana kilimo hicho kilikuwepo kabla ya bwana shamba yeyote.

Lakini historia ya Ukara ina upande wa pili. Wakara waliohamia sehemu zenye ardhi ya kutosha, wengi waliacha kazi hiyo ya samadi na majani. Hawakuwa wamesahau. Kazi ni nzito, na mtu akipata ardhi mpya haoni sababu ya kujitesa. Nawe jiulize: kijijini kwako ardhi mpya bado ipo? Kama imekwisha, wewe sasa uko Ukara.

Wamatengo: majani yanafukiwa yalipoota

Katika milima ya Mbinga, mkoani Ruvuma, Wamatengo wanalima kwenye miteremko mikali ambayo wengine wangeiacha kwa mbuzi. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 19 walikimbilia milimani kujikinga na vita vya Wangoni. Walisongamana kwenye eneo dogo, ikabidi wailinde ardhi waliyonayo. Njia yao ni ngoro.

Kwenye mwezi Machi nyasi hufyekwa na kuachwa zikauke. Hupangwa kwa mistari ya kukatana, zikafanya miraba juu ya mteremko mzima. Kisha udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kutupwa juu ya nyasi. Panapochimbwa pakawa shimo, na juu ya nyasi pakawa tuta. Maharage hupandwa kwenye matuta, na msimu unaofuata mahindi. Magugu na mabaki ya mazao hutupwa mashimoni yaoze. Mvua ikinyesha, maji hayapati njia ya kukimbia, hutulia kwenye mashimo na kuzama.

Angalia vizuri: ngoro haikuanza na shimo, ilianza na nyasi. Ukichimba shimo bila kufukia nyasi umezuia maji tu, udongo hujaulisha.

Uluguru: kazi bila majani

Hilo lilionekana wazi katika milima ya Uluguru, Morogoro. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko. Nia ilikuwa kuzuia mmomonyoko, na mmomonyoko ulikuwepo kweli. Lakini sehemu nyingi udongo wenye rutuba ulikuwa tabaka jembamba. Kuchimba ngazi kulilifukia tabaka hilo na kuleta juu udongo wa chini usio na kitu. Mkulima alitoa jasho la miezi, akavuna kidogo kuliko jirani ambaye hakuchimba.

Mwaka 1955 watu wakachoka. Kulitokea ghasia, mtu mmoja akapoteza maisha, na mpango ukaachwa. Wengi hukumbuka habari hiyo kama sehemu ya siasa za kudai uhuru, na ni sawa. Kwetu sisi wa shambani ina funzo lingine: usikubali ushauri wa kuchimba, hata ukitoka kwangu, kabla hujaonyeshwa ni nini kitalisha udongo uliochimbwa.

Yatenga: samadi kidogo, mahali pake

Pengine unasema: Ukara wana ziwa, Mbinga wana mvua, mimi niko kwenye ukame. Basi twende Burkina Faso, jimbo la Yatenga, nchi ya mtama na uwele.

Miaka ya 1970 ukame uliwapiga vibaya. Ardhi ikawa ngumu kama sakafu, familia nyingi zikahama. Mkulima mmoja, Yacouba Sawadogo wa kijiji cha Gourga, hakuhama. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alichukua njia ya wazee wake iitwayo zai, yaani mashimo madogo yanayochimbwa kiangazi, akayapanua na kuyaongeza kina. Kisha akaweka samadi na mabaki ya mimea ndani kabla ya mvua. Mchwa wakafuata majani hayo, wakatoboa ile sakafu ngumu, na maji yakapata pa kupita. Mtama ukaota mahali palipokuwa pameachwa kabisa.

Majirani walimwona kama mtu aliyerukwa na akili. Yeye akaanzisha siku za soko nyumbani kwake, wakulima wakaja kubadilishana mbegu na maarifa. Mwaka 2018 alipewa tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood. Alifariki Desemba 2023.

Ujanja wake uko wapi? Hakuwa na samadi ya kutosha kutawanya shamba zima, na mkulima wa nchi kavu hawi nayo. Aliweka ile kidogo pale tu mmea utakapokaa.

Chololo: mashimo ya Dodoma

Fikra ya namna hiyo ilizaliwa pia hapa kwetu. Katika kijiji cha Chololo, nje ya jiji la Dodoma, mkulima mmoja alibuni mashimo ambayo sasa yanajulikana kwa jina la kijiji chake. Shimo lina upana wa sentimita 22 hivi na kina cha sentimita 30. Kutoka shimo hadi shimo ni sentimita 60, na mstari hadi mstari ni sentimita 90. Ndani huwekwa majivu kidogo kuwafukuza mchwa, samadi, na mabaki ya mimea, kisha hufunikwa udongo na kuachwa nafasi ya maji kutulia. Mtama, uwele au mahindi hupandwa humo.

Umeona? Yatenga walimkaribisha mchwa, Chololo walimfukuza. Kila mmoja aliangalia ardhi yake kwanza.

Wewe ufanye nini na mtama wako wa bua tamu?

Waliofanikiwa katika historia hii walijua majani yanatoka wapi kabla ya kupanda. Kwako napendekeza hivi:

1. Vua majani na kata vilele shambani. Bua la kuuza liondoke tupu. Majani na vilele uvitandaze palepale, kati ya mistari, mpaka udongo usionekane. Karibu na mmea mchanga acha nafasi ya kiganja, ili shina lisioze.

2. Usifukie mabua makavu siku chache kabla ya kupanda. Vijidudu vinavyoyaozesha vitagombania naitrojeni na mmea wako, na utaona mtama unakuwa njano. Yaache juu kama matandazo, au yafukie mapema, au yachanganye na samadi yawe mboji.

3. Usiache mabua yamesimama kiangazi chote. Funza wa mabua hujificha humo wakisubiri msimu. Yakate, yalaze juani yakauke. Shamba lililoshambuliwa sana, mabua yake yapeleke kwenye chakula cha mifugo au kwenye mboji inayopata joto.

4. Panda mbadala. Kwa kuwa bua linaondoka, weka kunde, fiwi au marejea kati ya mistari au baada ya mavuno. Hiyo ndiyo hesabu ya Wakara.

5. Samadi ikiwa kidogo, fuata Chololo: iende kwenye shimo, isitawanywe. Anza na robo eka, maana kuchimba ni kazi, na ulinganishe na sehemu uliyolima kawaida. Mahali penye kiduha anza hapo, maana gugu hilo hustawi zaidi kwenye ardhi iliyochoka.

6. Kubalianeni na wafugaji kabla ya mavuno, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Matandazo yanayoliwa na ng'ombe wa jirani wiki ya kwanza hayana faida kwako. Kama ng'ombe wataingia, basi samadi nayo irudi.

Na wewe mfanyabiashara, usidhani hii si habari yako. Bua la mtama likishakatwa, utamu wake huanza kupungua haraka, hivyo kinu kilicho karibu na mashamba kinakufaa kuliko cha mbali. Kikiwa karibu, gari lako linalokuja kuchukua mabua linaweza kurudisha makapi, na mkulima akayageuza mboji. Usipofanya hivyo, ukubwa wa mabua utapungua mwaka hadi mwaka, nawe utalazimika kufuata mzigo mbali zaidi kwa mafuta yako mwenyewe.

Basi msimu huu, anayekuja kununua mabua akikutajia bei, muulize kwanza kama anataka bua tupu au bua na majani yake. Akitaka na majani, bei iwe nyingine, kwa sababu itakubidi utafute samadi ya kujaza pengo hilo.