Mbu Mkubwa wa Sinema: Picha ya Karibu na Mtazamaji wa Afrika

Wanafunzi wetu wanaoanza kuchambua filamu hukutana mapema na aina za picha za kamera. Kuna picha ya mbali, inayoonyesha mtu pamoja na mahali alipo. Picha ya karibu, ambayo uso mmoja hujaza kioo kizima. Picha ya kutoka chini, inayomkuza mtu. Na ya kutoka juu, inayomdunisha. Huwa tunazifundisha kama ufundi mtupu. Katika toleo hili tungependa kukumbusha kwamba katika nchi zetu picha hizi zina historia, na historia hiyo inamgusa kila mwalimu.

Mwaka 1935 ulianzishwa huko Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanganyika, mradi wa majaribio ya sinema za elimu uliojulikana kwa kifupi kama BEKE. Hadi ulipomalizika mwaka 1937 ulikuwa umetengeneza filamu 35 hivi, zikiwemo za kilimo, afya na kuweka akiba posta. Zilionyeshwa Tanganyika, Kenya, hapa Uganda, na hata Nyasaland, yaani Malawi ya leo. Maelezo yalitiwa katika santuri, ili picha zile zile zielezwe kwa Kiswahili mahali pamoja na kwa Kiganda mahali pengine.

Mwaka 1939 serikali ya Uingereza iliunda kitengo cha filamu za makoloni, ambacho kilidumu hadi mwaka 1955. Kiongozi wake, William Sellers, alikuwa amefanya kazi ya afya Nigeria. Yeye na wenzake waliamini kwamba Mwafrika wa kijijini hawezi kuisoma picha kama Mzungu. Basi wakaweka masharti: hadithi iende polepole, kila picha ikae muda mrefu, na kamera isigeuzwe-geuzwe, kwani, walidai, mtazamaji angedhani miti inakimbia.

Picha ya karibu nayo ilitiliwa shaka. Kisa kilichorudiwa mara nyingi ni cha wanakijiji walioonyeshwa mbu aliyejaa pazia zima. Inasemekana walijibu kwamba wao hawana hofu, maana mbu wa kwao si wakubwa kiasi hicho.

Sisi walimu wa lugha tukisikia kisa hiki tunauliza kwanza: maneno hayo yalisemwa kwa sauti gani? Aliyekulia penye utani anajua kwamba mtu anaweza kutoa jibu kama hilo uso ukiwa mkavu kabisa, huku wenzake wakijizuia kucheka. Huenda ulikuwa mzaha. Aliyeusikia asipoijua lugha vizuri, mzaha hugeuka kuwa ushahidi wa ujinga.

Tena, katika miaka hiyo hiyo watu wa Zanzibar na Dar es Salaam walikuwa wakienda kwenye majumba ya sinema kutazama filamu za Kihindi. Nyuso zilikuzwa kiooni, picha zilibadilika upesi, na wengi wao hawakujua Kihindi. Hata hivyo walizifuata hadithi, wakazipenda nyimbo, wakarudi tena. Kwa hakika macho yao hayakuwa na kasoro yoyote.

Somo letu liko hapo. Mara ngapi mwanafunzi wetu wa Kampala au Gulu hucheka au hunyamaza mbele ya matini ya Kiswahili, nasi tukaandika kwamba hakuelewa, kisha tukampa matini nyepesi zaidi? Waliokata picha ya karibu kwa ajili ya Mwafrika walidhani wanamsaidia. Walichokosa ni kumuuliza, na kumsikiliza akijibu kwa lugha yake.

Tunapendekeza zoezi moja. Onyesheni kipande kifupi cha filamu bila sauti, kisha wanafunzi waeleze kwa Kiswahili picha ya karibu imewaambia nini. Na mmoja akijibu kwa utani, tusikimbilie kumpa sufuri.