Nani Ataandika Majina ya Wapiga Mashine?

Hapa kwetu Kengeja kijana akifungulia singeli kwa sauti kubwa, hakosi mzee wa kumuuliza: "Mwanangu, na huo nao ni muziki?" Mie naona swali hilo ni la haki. Jawabu lake limo katika historia, na historia yenyewe siye vijana bado hatujaiandika vya kutosha.

Tuanzie mbali kidogo. Tarehe 11 Agosti 1973, katika mtaa wa Bronx, New York, DJ Kool Herc, kijana mzaliwa wa Jamaica, alipiga santuri katika sherehe ya dada yake. Sifa yake ilikuwa kukirefusha kile kipande cha wimbo ambacho ngoma hubaki peke yake. Watu wakacheza kipande, wimbo mzima wakausahau. Hiyo ndiyo mbegu ya hip hop.

Mwaka 1982 Afrika Bambaataa na Soulsonic Force wakatoa "Planet Rock". Sauti yake waliichukua kwa Kraftwerk, Wajerumani waliokuwa wakipiga muziki wa mitambo mitupu, na ngoma zake zikatoka katika Roland TR-808, mashine ya Kijapani iliyoingia sokoni mwaka 1980. Basi tangu zamani hip hop na muziki wa mitambo ni ndugu.

Huku kwetu, mwaka 1991 Saleh Jabir wa Dar es Salaam aliuchukua mdundo wa "Ice Ice Baby" wa Vanilla Ice akaughani kwa Kiswahili. Vijana wakapagawa. Lakini mdundo ule Vanilla Ice naye aliuchota katika wimbo wa Queen na David Bowie wa mwaka 1981. Na mwimbaji wa Queen ni nani? Freddie Mercury, aliyezaliwa Unguja mwaka 1946! Kumbe mdundo ulizunguka dunia nzima ukarudi jirani na alipozaliwa mwimbaji wake.

Miaka hiyohiyo ya 90, vijana wa uswahilini Dar es Salaam walikuwa na jambo lao. Walichukua vinanda vidogo vya Casio, wakaviunganisha na vipaza sauti vya chuma, wakaongeza ngoma. Huo ndio mchiriku, na kundi la Jagwa Music likauvusha hadi Ulaya. Sauti ilikwaruza, nao wakaipenda hivyohivyo.

Baadaye, katika miaka ya 2000, ikazaliwa singeli huko Manzese, Tandale na mitaa ya jirani. Hapo ndipo linapotuhusu siye wa visiwani. Maprodyuza walikata kipande cha taarabu ya kisasa kwenye kompyuta, wakakizungusha, wakakiongeza kasi hadi kinanda kikalia kama nyuki waliochokozwa. Singeli hufika mapigo 200 hadi 300 kwa dakika, na juu yake msanii anaghani bila kuvuta pumzi. Mwaka 2017 Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa "Sounds of Sisso", mkusanyo wa kazi za studio ya Sisso, na mwaka 2019 zikafuata "Uingizaji Hewa" ya Duke na "Tatizo Pesa" ya Jay Mitta.

Mzee wangu, hicho unachokiita kelele kina taarabu ndani yake! Na taarabu nayo ilipita kwenye mashine. Siti binti Saad, muuza vyungu wa Fumba, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurikodi santuri.

Lakini Siti alipata bahati moja. Shaaban Robert alikaa naye, akamsikiliza, akaandika wasifu wake, na leo tunajua alitoka wapi na alipita taabu gani. Je, aliyepiga kinanda cha taarabu kilichokatwa na kuzungushwa, nani atamwandika? Na kijana aliyekikata, akalala studio siku tatu kwa chai na andazi? Singeli inapigwa Ulaya, na mengi yanayoandikwa juu yake ni ya Kiingereza. Mama wa prodyuza hawezi kuyasoma.

Hilo ndilo linaloniuma. Kuchukua sauti ya mwenzio si dhambi. Hip hop yote imejengwa hivyo. Dhambi ni kuichukua na jina lake likapotea.

Waandishi wenzangu, tusingojee wageni. Pemba tuliungwa na umeme wa Tanga kwa waya wa chini ya bahari mwaka 2010, na mashine zinataka umeme huo. Daftari halitaki umeme. Nenda kwa mpiga kinanda wa mtaani kwenu angali hai, muulize alizaliwa wapi, nani alimfundisha, kinanda chake cha kwanza alikinunua kwa pesa gani. Andika jina lake kamili, na la baba yake.