Umri wa Colt Kuukuu

Mtu akiniletea Colt kuukuu, jambo la kwanza hunisomea namba. Namsikiliza, lakini macho yangu yako mbele ya fremu, chini ya mtutu, natafuta skrubu.

Kazi yangu ni kuorodhesha silaha za mnada hapa Connecticut. Ni katika jimbo hilihili, mjini Hartford, ambako Colt walianza kutengeneza bastola ya Single Action Army mwaka 1873. Namba zilianzia 1 zikapanda hadi kupita 357,000, kisha utengenezaji ukasimama mwanzoni mwa miaka ya 1940. Uliporejea mwaka 1956 hesabu ilianza upya, safari hii namba zikifuatwa na herufi SA.

Skrubu ninayoitafuta ilishikilia mhimili wa silinda kwenye bastola za mwanzo. Huwezi kuutoa bila bisibisi. Katika miaka ya 1890 nafasi yake ilichukuliwa na komeo la springi linalopenya fremu kutoka upande huu hadi ule, unalibonyeza kwa kidole tu. Wauzaji hupenda kudai kwamba penye komeo, bastola inahimili baruti isiyo na moshi. Si kweli. Dhamana hiyo Colt waliitoa mwaka 1900, na bastola nyingi zenye komeo zilikwisha kuuzwa kabla ya hapo. Kuzitilia risasi kali ni kujitafutia balaa.

Mwaka una uzito wa kisheria pia. Sheria ya shirikisho ya Marekani ya 1968 huhesabu kuwa ya kale silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla. Ndiyo maana nalinganisha namba ya fremu na zile za ukingo wa kifyatulio na mgongo wa mpini.

Zikitofautiana, sikimbilii kusema ni ya kughushi. Kuanzia 1895 jeshi la Marekani lilirudisha karakana Colt za askari wa farasi; mitutu ya inchi 7.5 ikafupishwa hadi 5.5, na vipuri vikachanganyika wakati wa kuziunga upya. Wakusanyaji huziita Artillery. Nyingi zina namba mchanganyiko, na hilo halizishushi thamani. Nikiletewa moja ambayo namba zake zote zinafanana, nachukua lenzi kwanza nione kama hazikugongwa upya.