Anayebomolewa Analala Wapi? Dar es Salaam na Somo la Miaka Sitini ya Makazi

Katika historia ya Dar es Salaam nyumba ya maskini imebomolewa kwa sababu nyingi: afya, usafi, mpangilio wa mji, barabara, mafuriko na maendeleo. Sababu hubadilika kadiri watawala wanavyobadilika. Swali lisilobadilika ni moja: anayebomolewa anakwenda kulala wapi? Kila kizazi cha viongozi kimelijibu kwa namna yake, na majibu hayo yanastahili kukumbukwa na wale ambao leo wanaandaa mipango ya miji, na vilevile na wale wanaoipinga.

Tuanze na urithi. Wajerumani waliugawa mji kwa kanuni za ujenzi, na Waingereza wakaurithi mgawanyo huo na kuukamilisha baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi ili kuitenga Kariakoo ya Waafrika na mji wa biashara. Hivyo ndivyo tulivyopata Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Katika fikra za mkoloni, Mwafrika alikuwa mpita njia mjini. Alikuja kuuza nguvu zake, kisha angerudi kwao. Mpita njia hajengewi nyumba. Baada ya Vita Kuu ya Pili ndipo serikali ilipojitahidi zaidi kupima viwanja na kujenga kota katika maeneo kama Magomeni, Temeke na Kinondoni. Lakini mji ulikwisha kuitangulia mipango. Mwaka 1957 ulikuwa na watu wapatao 129,000; miaka kumi baadaye walikuwa takribani 273,000. Wengi wao walijijengea wenyewe, kwa miti, udongo na makuti.

Serikali ya Uhuru iliziona nyumba hizo kuwa aibu ya ukoloni, na kwa hakika hasira hiyo ilikuwa ya haki. Mwaka 1962 liliundwa Shirika la Nyumba la Taifa. Kazi yake kubwa ya mwanzo ilikuwa kubomoa nyumba duni, Magomeni na kwingineko, na kujenga za matofali ya saruji mahali pake. Nia ilikuwa njema. Kasoro ilikuwa katika hesabu. Nyumba ya Kiswahili ilikuwa na vyumba vilivyopangwa pande mbili za ukumbi, na mara nyingi kila chumba kilikuwa na familia yake au mpangaji wake. Ulipoibomoa na kujenga nyingine palepale, ulikuwa umetumia fedha nyingi za umma bila kuongeza vyumba vya maana katika mji uliokuwa ukifurika watu. Mwenye nyumba alifikiriwa. Mpangaji wake hakuwamo katika hesabu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali yenyewe iliona kwamba njia hiyo haiendi popote, na Mpango wa Pili wa Maendeleo wa mwaka 1969 ukaashiria kuiacha.

Hatua iliyofuata inajulikana zaidi. Aprili 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba. Hatua hiyo ilibadili umiliki wa katikati ya mji, ambako wenye majengo wengi walikuwa wa asili ya Asia. Hata hivyo, haikuongeza nyumba. Aliyekuwa akilala Manzese aliendelea kulala Manzese.

Mageuzi yenye uzito kwa maskini yalikuja kimyakimya zaidi. Mwaka 1972 serikali ilikubali kwamba makazi yaliyojengwa bila kupimwa yaboreshwe badala ya kubomolewa. Kuanzia mwaka 1974, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ulitekelezwa mradi wa viwanja na huduma katika Dar es Salaam, Mwanza na Mbeya, na awamu ya pili ikaifikia miji mingine. Mantiki yake ilikuwa rahisi. Serikali haina uwezo wa kumjengea kila mtu nyumba, lakini inaweza kupima ardhi, kuchonga barabara, kuvuta maji, kujenga shule na zahanati, kisha mwananchi akajenga mwenyewe kadiri anavyopata. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni zilipimwa hivyo. Manzese, ambayo tayari ilikuwa imejaa watu, iliboreshwa ilivyo: ilipata barabara, maji, taa na huduma za jamii. Mtu akitembea leo Sinza na kuuona mtandao wake wa barabara, anatazama matunda ya uamuzi uliofanywa kabla ya nyumba nyingi kujengwa.

Tusiipambe historia hiyo kupita kiasi. Viwanja vingi vilivyokusudiwa watu wa kipato cha chini viliishia mikononi mwa watumishi na watu wenye uwezo. Mikocheni ya leo ni ushahidi tosha. Halmashauri za miji nazo zilikuwa zimefutwa wakati wa Madaraka Mikoani, hivyo miundombinu iliyojengwa haikuwa na chombo imara cha kuitunza. Fedha za mkopo zilipokwisha mwanzoni mwa miaka ya 1980, upimaji ulilala, na mji ukarudi kujijenga wenyewe. Benki ya Nyumba, iliyoanzishwa katika miaka hiyohiyo ya 1970 kuwakopesha wajenzi, ilifungwa mwaka 1995.

Yapo maeneo ambayo mtu hapaswi kuishi, na hili lazima tuliseme wazi. Bonde la Msimbazi ni mfano. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, serikali iliwapa waathirika viwanja Mabwepande. Baadhi yao walirudi Jangwani. Wengi tulifanya haraka kuwaita wakaidi. Lakini mama anayeuza vitumbua Kariakoo alfajiri, akihamishiwa pembezoni kabisa mwa jiji, amepewa kiwanja na amenyang'anywa kazi. Desemba 2015 tingatinga zikaja, zikiongozwa na alama nyekundu ya X ukutani. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Tofauti na hapo, Magomeni Kota inatufundisha jambo jingine. Wakazi wa kota hizo, kaya 644, waliondolewa ili eneo lijengwe upya. Walisubiri kwa miaka mingi, wakishikilia ahadi na kuidai hadharani. Mwaka 2016 Rais Magufuli aliahidi wajengewe, na Machi 2022 Rais Samia alizindua maghorofa yao. Walirudi palepale, karibu na kazi, shule na majirani zao. Ilichukua muda mrefu mno, lakini swali la nani atarudi lilikuwa na jibu, kwa sababu waliobomolewa walikuwa na orodha ya majina yao na hawakukubali ipotee.

Sheria haituzuii kutenda haki. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Lohay Akonaay, ilitamka kwamba haki ya kimila ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka, na inaruhusu urasimishaji wa makazi yasiyopimwa. Kinachokosekana ni utaratibu ofisini. Mtumishi anayeandaa bomoabomoa angelazimika, kabla ya kuweka X ya kwanza, kuwasilisha orodha ya wakazi wote wakiwamo wapangaji, mahali watakapohamia, na umbali wa mahali hapo na kazi zao. Wanafunzi na wanaharakati nao waizoee kazi ya kuidai orodha hiyo mapema, maana baada ya nyumba kuanguka huwa hakuna wa kuiandika. Jiji hili lilihesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 5.3 mwaka 2022. Haliwezi kuwabomolea wote, wala haliwezi kuwajengea wote. Linaweza kupima ardhi kabla watu hawajafika, na kuwahesabu waliokwisha kufika.